Mama Mkwe Hushona Kadi, Mimi Nimezibandika kwa Gundi

Wasomaji wangu, barua hii ilinifikia mwanzoni mwa wiki, na aliyeiandika alikuwa akiiogopa Jumamosi ya wiki ileile. Sikungoja zamu ya gazeti. Nilimtumia jibu siku hiyohiyo, na leo naweka yote hapa kwa ruhusa yake: alichoandika, nilichomjibu, na yaliyotokea.

*

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko sawa basi hujambo,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mama mkwe wangu anarudi nyumbani na mimi nimekalia kuti kavu, na kila nikimweleza mume wangu ananiambia nalikuza jambo, lakini yeye hajawahi kuwa mke wa mtu kwa hiyo hajui anachosema.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na tunaishi nyumba moja na mama mkwe, chumba chake kiko upande wa nyuma karibu na jiko. Mama ni fundi cherehani aliyestaafu, mkono wake unajulikana, na kila Krismasi yeye ndiye anayetengeneza kadi za ukoo mzima, lakini si kadi unazozijua wewe, yeye huchukua karatasi ngumu akaitoboa matundu madogo kwa sindano, halafu akapitisha uzi wa rangi tundu kwa tundu mpaka litokee ua au mshumaa au nyota, na kadi moja inaweza kumlia jioni nzima. Huanza Septemba. Ikifika Septemba anateremsha kikopo cha sindano kutoka juu ya kabati, anashusha pumzi, anasema, "Haya, imefika tena," anafunga mlango, na sisi tunajua kwamba sebuleni tutamwona Krismasi, hata wajukuu wakimwita waangalie wote televisheni anawajibu kwa ndani kwamba ana kazi. Kila nyumba ya ukoo ina kamba ukutani ya kuning'inizia kadi zake, na wakikutana watu wazima na akili zao wanabishana nani kapewa ua zuri kuliko mwenzake. Kazi hii alirithishwa na mama mkwe wake yeye, pamoja na hicho kikopo.

Mwaka huu macho yakamsumbua, akaambiwa ni mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, na daktari akasema asiiname wala asishike kazi ya sindano mpaka atakapomruhusu, ikabidi akakae kwa wifi yangu anayeishi karibu na hospitali. Siku ya kuondoka aliniita chumbani kwake, kadi alizokuwa amemaliza zilikuwa chache kabisa, akaniwekea mkononi kikopo, nyuzi na rundo la karatasi tupu, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye mwanamke wa nyumba hii sasa. Nimalizie." Na mimi nikajibu, "Usijali mama, zitakuwa vilevile unavyozitaka wewe." Dada, mdomo huu utanizika siku moja!

Lazima ujue kwamba tangu niolewe mimi ndiye mkamwana asiye na mikono. Kifungo nikikishona kinadondoka kabla shati halijavaliwa. Mama hajawahi kunitolea neno baya, sitamsingizia, ila nikishika mkasi tu anasogeza kitambaa chake pembeni kimyakimya, na hilo linauma kuliko matusi. Kwa hiyo aliponikabidhi kile kikopo nilijisikia mtu, nikasema moyoni leo nimekuwa mkwe kamili.

Basi nikajaribu. Nyota ya kwanza ilitoka kama buibui aliyekanyagwa, ya pili karatasi ikachanika katikati, na ya tatu nilifurahi kwamba imetoka vizuri mpaka niliposimama nikagundua nimeishona pamoja na sketi yangu. Wiki zikaenda, Novemba ikaingia, nikawa nazibeba zile karatasi kwenda nazo kazini na kurudi nazo vilevile tupu.

Aliyeniokoa, au aliyeniponza, sijui niseme vipi, ni Dada Ganzi, ndivyo tunavyomwita msaidizi wa daktari kwa sababu ndiye anayetayarisha sindano za ganzi. Siku hiyo kiti cha wagonjwa kiliharibika, fundi akawa amelala chini yake mchana kutwa, wagonjwa wote tukawaahirishia, naye akanikuta nimeinamia meza ya mapokezi nalia juu ya uzi uliofungamana. Akaniuliza, "We, nani kafa?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Nani kakuambia kadi lazima ishonwe? Nenda duka la vifaa vya shule ukanunue karatasi za kufungia zawadi zenye maua na mistari na madoadoa. Muhuri wa nyota nitauchonga mimi."

Nikaenda. Niliporudi nikamkuta ameshachonga nyota kwenye raba ya kufutia, kwa kile kichuma chembamba cha kukwangulia meno kilichokwisha makali, nyota safi ya ncha tano, na ya pili ndogo yake. Tukagawana kazi hapohapo kaunta. Mimi nakunja karatasi ngumu katikati na kuikandamiza mkunjo kwa mgongo wa kijiko, halafu nakata karatasi ya maua vipande vitatu, kirefu, cha wastani na kifupi, nabandika kirefu chini na kifupi juu, mti wa Krismasi umesimama, na yeye anagonga nyota kileleni kwa pedi ya wino mwekundu ya kliniki, taratibu, bila kutikisa mkono, kisha ananirudishia. Karatasi yenyewe ndiyo inayofanya kazi yote, dada, wewe unakata tu. Kila mti ulitoka wa aina yake, huu wa madoadoa, huu wa mistari, huu wa majani, na kabla fundi hajatoka chini ya kiti tulikuwa tumemaliza ukoo mzima, na kaunta imejaa miti. Nililia tena, safari hii kwa furaha, kwa sababu sijawahi kutengeneza kitu kwa mikono yangu hii nikasimama nikakiangalia mara mbili.

Ndani nikaandika salamu na kumalizia "ni mimi Bibi", kama anavyoandika yeye miaka yote, nikaziweka kwenye bahasha, nikazituma, na zile chache alizoshona mama nikazihifadhi zisije zikalinganishwa na zangu. Ya wifi sikuituma, maana mama yupo hapohapo kwake. Iko kwenye droo yangu.

Dada, simu zikaanza. Ukoo mzima umezipenda! Wanadhani mama ameamua kubadilisha mtindo, wanampigia kulekule kwa wifi wanamwambia mwaka huu umetuzidi, umekuwa wa kisasa, na yeye anadhani wanasifu kadi zilizoshonwa. Juzi akanipigia. Sauti ilikuwa laini sijawahi kuisikia, akaniuliza kwanza, "Mwanangu, vidole vyako vimepona?" Mimi nikasema, "Vinaendelea vizuri, mama." Vidole gani, dada? Vina gundi tu! Akaniambia anashukuru, na kwamba Jumamosi watu wakija kumpokea atanikabidhi kikopo mbele ya wote kiwe changu moja kwa moja, kama yeye alivyokabidhiwa, na kuanzia mwakani kadi ni zangu.

Na hapo sijakuambia la jino. Kliniki tuna muhuri wa jino linalocheka, daktari huwagongea watoto mkononi wakishang'olewa, wasilie. Dada Ganzi alipokuwa anapiga soga na fundi, akachukua muhuri siyo. Kadi moja haina nyota kileleni, ina jino, lina macho na linacheka, na kati ya watu wote imemwangukia mama mkubwa wa mume wangu, dada yake mama mkwe, mwenye sauti ya kuita mtaa wa pili. Ameshanipigia: "Kadi nzuri, lakini mbona nyota yangu ina mizizi? Nitakuja nayo Jumamosi mdogo wangu anieleze."

Mume wangu anasema nifunge plasta kwenye vidole viwili, mama aone nimeteseka, na kuhusu mtindo niseme uzi uliadimika, eti mama macho hayajatulia, hatajua. Plasta zimo kwenye mkoba wangu hapa naandika. Naogopa nikisema kweli nitarudi kuwa yule asiye na mikono, na safari hii ni mwongo juu yake, na mama atajua kwamba kazi ya maisha yake niliimaliza kwa gundi mchana mmoja. Nikinyamaza nitashona mpaka nizikwe na kile kikopo. Na kinachonitia aibu kuliko vyote, dada, ni kwamba nikizikumbuka zile kadi kaunta nasikia raha, sijutii hata kidogo. Je, mimi ni mtu mbaya? Nifanyeje?

Ni mimi, Mkamwana wa Gundi

*

Mkamwana wa Gundi,

Kwanza toa hizo plasta kwenye mkoba. Toa sasa hivi, nakungoja.

Umetoa? Haya. Mumeo nampa pole kwa akili aliyoamka nayo siku hiyo. Mama katoka kufanyiwa upasuaji wa macho, sasa anaona kuliko ninyi nyote wawili, halafu mwanawe anasema hatajua! Mwambie nimemsalimu, na kwamba shauri la mama na mkwe alisikilize kutoka chumba kingine. Njia ya mwongo ni fupi, na yenu ni fupi zaidi kwa sababu Jumamosi mama mkubwa anakuja na jino lake mkononi.

Sasa tuongee mimi na wewe. Huna hatia ya kadi. Nisikilize vizuri, maana umeandika kurasa nzima ukiomba msamaha wa kitu ambacho si kosa. Mgonjwa alikuachia kazi, ulijaribu kwa njia yake ukashindwa, ukatafuta njia yako, watu wote wakapata salamu kabla ya sikukuu, nao wamefurahi. Hiyo inaitwa kazi imefanyika. Umeketi, umekata, umepanga karatasi ikawa mti, mikono yako ndiyo iliyofanya hivyo, kwa hiyo hilo jina la mtu asiye na mikono lizike leo. Na raha unayoisikia si dhambi. Raha ya kutengeneza kitu kikapendeza ni haki ya kila mtu, hata aliyeshona sketi yake.

Lakini vidole! Hapo mwanangu siwezi kukutetea. Mama wa watu, macho yake yana dawa, anakuuliza unaumwa wapi, na wewe unampokea pole ya jeraha usilokuwa nalo. Hilo ndilo kosa lako, ni moja, nalo ni bichi bado, linaweza kuondolewa kabla halijaota mizizi kama hiyo nyota ya mama mkubwa. Ukifunga plasta litakuwa la pili, na la pili huja na wadogo zake.

Halafu nina jambo nataka uliangalie, maana umeliandika mwenyewe na kulipita. Umesema Septemba ikifika mama anashusha pumzi na kusema imefika tena. Umesema wajukuu wanamwita naye yuko nyuma ya mlango. Na alipokupigia, hakuuliza rangi gani umetumia, wala ua limetokaje. Aliuliza vidole. Mimi nina rafiki mpishi wa hotelini, anaipenda kazi yake mpaka inakera; ukimpikia atakuuliza chumvi uliweka saa ngapi, hatakuuliza kama uliungua. Anayeuliza kwanza kuhusu maumivu anayajua maumivu. Sisemi najua yaliyomo moyoni mwa mama mkwe wako, sijamwona wala sijala kwake. Nasema umekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo ukiogopa mkono wake unaposogeza kitambaa, hukupata nafasi ya kumwangalia usoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimwambie kwenye simu, kwa sababu kwenye simu utalia na yeye atakubembeleza, na mazungumzo yataishia kwenye kubembelezana. Wala usingoje Jumamosi mbele ya watu, kwa sababu mtu hawezi kukasirika vizuri mbele ya wageni, na mama ana haki ya kukasirika vizuri. Omba ruhusa kazini Ijumaa, nenda kwa wifi yako ukamchukue wewe mwenyewe, usimtume mtu. Beba ile kadi iliyo kwenye droo. Mkifika mahali mko wawili, mpe mkononi kabla hujasema lolote, aiangalie kwa hayo macho yake mapya. Akiuliza, mwambie: sikuweza kushona, hizi nimebandika, uliniuliza kuhusu vidole nikakudanganya, naomba unisamehe. Basi. Usimtaje Dada Ganzi kama kinga, usiseme kazi zilikuwa nyingi, na usimwage machozi ili akuonee huruma.

Akikasirika, vumilia. Akinyamaza, nyamaza naye. Na kuhusu kikopo, nakuonya: usiahidi kujifunza kushona kwa sababu ya woga tu. Umeshaahidi kwa woga mara moja, na umeona ulipofika. Sema unaweza kutengeneza kadi kwa mkono wako unavyojua, kila mwaka, kwa moyo wote, na kwamba za sindano huziwezi. Kama ukoo unataka uzi, sindano zinauzwa madukani, kila mtu anunue yake.

Na hiyo pedi ya wino ya kliniki, nunua nyingine uirudishe kabla daktari hajagonga cheti cha mgonjwa kwa wino wa Krismasi. Piga moyo konde, uende.

*

Dada mshauri,

Nimekuandikia nikiwa nimekaa, nimenyoosha miguu, sijawahi kuandika barua nikiwa mwepesi hivi, naomba nikueleze yote maana najua umengoja.

Ijumaa nilikwenda kama ulivyosema. Nilimkuta mama barazani kwa wifi, amevaa miwani myeusi, wifi akaenda kuweka chai, nami nikatoa kadi nikampa mkononi kabla woga haujanirudisha. Akavua miwani. Akaiangalia, halafu akapitisha kidole juu ya mti, polepole, anatafuta uzi. Akaigeuza nyuma, anatafuta matundu. Akaniuliza, "Uzi uko wapi?" Nikasema, "Hakuna uzi, mama. Sikuweza kushona. Hizi nimebandika, na zote nilizotuma ni hivi." Akaigeuza tena mbele. Nikasema na la vidole, kwamba havikuchomwa na chochote, nilimdanganya, anisamehe. Hapo ndipo aliponitazama. Akasema, "La kadi tutaliongea. La vidole limeniuma. Nilikuwa nakuombea kila nikilala."

Dada, ningepigwa kofi ingekuwa nafuu. Nilitaka kulia nikakukumbuka, nikameza. Hakusema nami neno tena siku ile, alikula akamsifu wifi kwa chakula, akaenda kulala, na mimi nikanyamaza naye kama ulivyosema ingawa nilikaribia kupasuka.

Jumamosi asubuhi tulikodi gari la kurudi, tumekaa nyuma wawili, njia nzima ameishika ile kadi mapajani. Tulipokaribia nyumbani akauliza, bila kunigeukia, "Moja inachukua muda gani?" Nikasema, "Chai haijachemka, mama, umeshamaliza." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka dereva akatazama kioo, machozi yakamtoka, mimi nikaogopa macho yake nikamwambia, "Mama, daktari kasema usiyatie maji," akazidi kucheka. Halafu akatulia, akaniambia maneno ambayo sitayasahau. "Nilipoletwa kwenye nyumba ile, mama mkwe wangu alinipa kikopo hakuniuliza kama nataka. Sikuipenda kazi ile hata Septemba moja. Cherehani naipenda, ile kazi hapana. Niliogopa kumwambia, na alipofariki nikasema sasa nitapumzika, kumbe kila nyumba imeshafunga kamba. Ningewaambia nini? Na mimi nikaja nikakutwisha wewe, sikukuuliza." Akanipapasa vidole, hivi vyenye gundi, akasema, "La kadi tumelimaliza. La uongo nipe muda kidogo." Nikasema, "Chukua wote, mama."

Watu walikuwa wameshajaa sebuleni. Mama mkubwa hakungoja hata tukae, akanyanyua kadi yake juu, "Mdogo wangu, hebu nieleze huyu ni nani!" Mama akaisogeza karibu, akaliona jino. Akasema kwa sauti wote wasikie, "Muulize mkwe wangu. Kadi za mwaka huu zote ni zake, kwa mikono yake, mimi nililala nazisikia sifa tu. Na mwakani mtatengeneza wenyewe, atawafundisha, mkasi na gundi basi. Mimi nimestaafu, na kikopo pia." Mjomba mmoja akalalamika kwamba kamba yake itakaa bila ua jipya, mama akamwambia alishone. Kuhusu jino, nilimwahidi mama mkubwa nitamtengenezea kadi nyingine yenye nyota, akaikumbatia kifuani akasema, "Wenye nyota wako wengi, niachie jino langu." Mume wangu alikuwa jikoni muda wote, anaosha vikombe visivyo vichafu.

Pedi ya wino nimeirudisha, mpya, na daktari hakuniuliza chochote ila aliomba afundishwe kutengeneza mti.

Sasa ngoja nikuambie la jana, ndilo lililonifanya nikae niandike. Nilirudi kutoka kazini jioni nikamkuta mama sebuleni, Desemba hii hii, mlango wa chumba chake uko wazi, amekaa kwenye kochi kubwa, mjukuu mmoja amemlalia mguuni na mwingine ameegemea bega, wanaangalia katuni. Mikono yake ilikuwa mapajani, haina kitu. Nikamsalimia, nikamuuliza kama anahitaji chochote. Akanitazama akiwa kama ana aibu kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Mwanangu, hivi watu wengine mwezi huu huwa wanafanya nini?"

Nikamwambia, "Wanakaa tu, mama."

Akasema, "Haya." Akakaa.